Mshika Waya

Kazi yangu ni kushika waya. Usicheke. Kuna watu wanafanya kazi za kipuuzi kuliko hii na wanavaa tai. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki, kushoto kwa mke wangu, naweka kidole gumba juu ya kichwa cha chaja pale kinapoingia kwenye kompyuta, nakisukuma kwa ndani na kukiinua kidogo, halafu nakaa hivyo hivyo mpaka kazi iishe.

Kompyuta yenyewe ni laptop kuukuu, imekaa juu ya stuli kati yetu. Betri yake ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa umeme wa ukutani tu, na tundu la chaja lililegea. Waya ukicheza, inazimika papo hapo. Ikizimika, mashine ya kudarizi nayo inasimama, sindano ikiwa katikati ya nembo, kwa sababu ni mashine ya kizamani isiyo na kumbukumbu yake. Kwa kila mshono inaiuliza kompyuta. Na nembo iliyokatikia njiani haiungiki. Ukilazimisha kuiendeleza, simba anapata pua mbili na sweta ya mtoto wa watu inaenda kwenye kapu la hasara.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu, kuzuia simba wasiote pua ya pili. Mke wangu ananiita Shirika la Umeme. Kila asubuhi akifungua dirisha la duka ananiuliza, "Haya, Shirika, leo mnakata saa ngapi?" Namjibu kwamba mteja mwenyewe hajalipa bili tangu tuoane, na ajiangalie. Anacheka. Ana kicheko kinachoanzia tumboni, na mimi siku hizi naishi kwa kukisikia, maana uso wake nauona vipande vipande.

Sikuzaliwa mshika waya. Kiwandani waliniita Mkasi. Miaka ishirini na sita nilikuwa mkataji wa nguo. Unatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, hata mia moja, unaweka karatasi ya kipimo juu, unapitisha mashine ya kukatia. Ukipatia, umepatia mara mia. Ukikosea, hakuna mtu wa kumsingizia. Nilikuwa na jicho, bwana wee. Mafundi wa kushona walikuwa wanasema kipande cha Mkasi hakihitaji kupimwa tena. Na mmoja wa mafundi hao, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko sindano yake, nikamuoa.

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, ndivyo daktari alivyoiita. Inakula pembeni kwanza, taratibu, na mtu hajui asichokiona. Leo naona kama anayechungulia kwenye bomba la maji: nikikutazama pua, masikio hayapo. Lakini wakati ule sikujua. Siku moja nilikata mikono ya mashati mia moja na ishirini, yote ya kushoto. Karatasi ilikuwa na alama pembeni, ya kunikumbusha kuigeuza, na mimi sikuiona alama. Msimamizi akachukua mkono mmoja wa kushoto, akauvaa kulia, akazunguka nao chumba kizima kama mwehu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, ningefanyaje? Wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani.

Hujafa hujaumbika. Ukitaka kujua mwanamume anaozaje, mnyang'anye kazi umwache na afya yake. Nilijaribu kukunja sweta dukani kwa mke wangu, nikachanganya za darasa la kwanza na za darasa la saba. Nilijaribu kumenya vitunguu, nikajimenya kidole. Nilijaribu kupanga nyuzi, na mwezi mzima kuna shule ilivaa nembo ya taa ya kijani iliyotakiwa kuwa ya bluu. Mke wangu hakunigombeza hata mara moja, na mtu huyu ni bingwa wa kugombeza. Aliwahi kumgombeza kuku kwa kutaga kichakani. Alianza kuniambia, "Pumzika, baba." Pumzika, baba. Nilipumzika miaka miwili, na kila siku ya mapumziko hayo niliomba isipambazuke nyingine.

Kwa hiyo nitakwambia ukweli, hata ukinidharau. Siku tundu la chaja lilipolegea, nilifurahi.

Mashine ilikuwa inasimama kila baada ya dakika mbili. Mke wangu alikuwa karibu kulia. Mimi nilinyoosha mkono tu, kama mtu anayenyoosha mkono kumgusa mbuzi mgonjwa, nikaugusa waya, nikausukuma juu. Kompyuta ikawaka. Mashine ikaanza kuunguruma.

"Usitoe!" mke wangu akapiga kelele. "Hapo hapo, baba! Usitoe hapo!"

Sikutoa. Umepita mwaka mmoja na miezi minne, sijatoa.

Sasa, mtu mwenye akili angetafuta fundi. Mke wangu ana akili, akataka kumwita yule fundi wa barabara ya pili ambaye tunamwita Daktari, kwa sababu huvaa koti jeupe lililojaa madoa ya risasi ya kulehemu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilitumia kila hila. Nilisema kifaa kikishafunguliwa hakirudi kuwa kilivyokuwa, kiwandani niliona mashine ngapi zikifunguliwa nzima na kufungwa maiti. Nilisema yule Daktari anatengeneza redio kwa kuzipiga makofi. Nilisema akichoma ubao wa ndani, michoro yote ya nembo itapotea, na hapo utafunga duka. Hili la mwisho lilimtisha. Sikuwa na uhakika nalo hata kidogo. Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua.

"Haya, baba," alisema. "Tuiache."

Na tukaiacha. Kila alipolitaja tena nilikuwa na sababu mpya mfukoni. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa namzibia mwanamke anayenilisha njia ya kufanya kazi kwa amani, ili nipate mahali pa kukaa mchana. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi maji yalikuwa puani.

Miezi saba iliyopita nililazwa siku tano, wakanitoboa jicho moja kupunguza presha. Niliporudi nilikuta oda ya shule nzima imekamilika, sweta zimefungwa mafungu mafungu. Niliuliza nani alishika waya. "Niliufunga kwa mpira nikauegemeza tofali," mke wangu alisema. "Nimeteseka, usiniache tena." Maneno hayo yalinikaa moyoni kama chai ya moto. Nikarudi kwenye kiti changu. Na tangu siku hiyo kompyuta haikuzimika hata mara moja. Nilijisifu kwa kila mteja. Niliona kichwa cha chaja kimekaza zaidi kuliko zamani, nikasema, ona, kidole kimekomaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumanne ya wiki jana alikuja shemeji, mdogo wake mke wangu. Huyu anashona sweta, dada yake anazitia nembo, wanaenda hivyo. Ni mwanamke wa maneno ya moja kwa moja, hapigi kona. Mimi nilikuwa uani nanawa. Dirisha la nyuma halina kioo, na masikio yangu, tangu macho yaanze kuaga, yamekuwa makali ajabu.

"Sweta mia sita!" shemeji alikuwa anasema. "Shule mpya, wanataka ndani ya wiki tatu. Na mwakani tena, na mwaka unaofuata. Dada, hii ndiyo tuliyokuwa tunaiomba."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Mashine ikitembea alfajiri mpaka usiku unamaliza."

"Mume wangu atachoka."

Kisha shemeji akasema, polepole, kama anayemsomea mtoto: "Unakataa sweta mia sita kwa sababu ya kidole gumba cha mtu?"

"Si kidole cha mtu. Ni cha mume wangu."

"Basi tengeneza hicho kitundu, jamani! Kazi ya nusu saa! Bega lako hilo, unalala umekaa kwa maumivu, hela ya kulitibu utaipata wapi kwa vioda vya sweta kumi kumi?"

"Hataki ifunguliwe."

"Na wewe unataka nini?"

Nilisikia mkasi wa mke wangu tu, ukikata nyuzi zinazoning'inia, moja baada ya nyingine. Shemeji akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki na sabuni mikononi. Jambo la bega nilikuwa silijui. Kulala umekaa! Tunalala kitanda kimoja, mimi nakoroma, yeye amekaa ameegemea ukuta, na sijui.

Roho iliniuma siku mbili. Nilishika waya nikiwa najichukia. Kila mshono ulioingia niliuona kama sweta nyingine katika zile mia sita, inampita. Nilijaribu sababu zangu za zamani, ubao, michoro, makofi ya redio, na zote zilikuwa zinanuka. Alhamisi nikaamua. Acha waya ukae wenyewe. Acha nirudi kwenye kuta nne, nikahesabu nzi. Angalau atalala chini kama binadamu.

Alhamisi asubuhi mke wangu huenda kununua nyuzi. Alipotoka tu, nilichomoa kila kitu, nikaifunga kompyuta kwenye shuka, nikaikumbatia kifuani na kutoka. Peke yangu sijawahi kwenda mbali kuliko duka la mkate. Nilitembea mkono wa kulia ukiwa ukutani. Ukuta ukiisha nilisimama, nikasikiliza, nikavuka. Mfereji mmoja niliukosa, mguu ukaingia hadi gotini, nikaangukia matako lakini kompyuta ikabaki juu. Mama mmoja akaniuliza, "Babu, umeiba wapi?" Nikamwambia kwangu mwenyewe. Akanishika mkono akanifikisha.

"Shikamoo, mzee," Daktari akasema.

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa."

Akafungua shuka. Nilitegemea kusikia bisibisi. Sikusikia kitu.

"Hii si ya mama wa darizi?"

"Ndiyo hiyo. Tundu la chaja limelegea. Nataka ulitengeneze leo, kabla hajarudi. Najua nilikusema vibaya mtaani, ukitaka kunitukana nitukane, lakini utengeneze."

"Mzee, kwani inazimika?"

"Nisiposhika, inazimika."

"Mara ya mwisho ilizimika lini?"

Nikafikiri. "Kabla sijalazwa."

Fundi akavuta pumzi. Akaichomeka, akaiwasha, kisha akauchukua mkono wangu kwa upole, kama muuguzi, akanishikisha kichwa cha chaja. "Kitikise," akasema. Nikakitikisa. "Kwa nguvu." Nikatikisa kwa nguvu. Kilikaa imara kama jino zima kwenye fizi. "Sasa achia."

Nikaachia. Nikainua mikono yote miwili hewani kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Feni ya kompyuta iliendelea kuzunguka, taratibu, bila wasiwasi wowote.

"Nililibadilisha tundu zima mimi mwenyewe," Daktari akasema. "Miezi saba sasa. Mama aliniita dukani ulipokuwa hospitali. Akaniambia nisikwambie. Mzee, mimi nilidhani anataka kukufurahisha ukirudi."

Nilitafuta pa kukaa. Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa. Miezi saba! Miezi saba nimekaa na kidole changu juu ya waya usionihitaji, nikiwasimulia wateja jinsi kilivyokomaa. Mke wangu ananiuliza leo mnakata saa ngapi, na anajua hakuna wa kukata. Nilidhani nashika, nashika, nashika, kumbe nilikuwa mtoto aliyepewa usukani wa bati akaambiwa endesha. Kwa yale mashati mia moja na ishirini walinicheka mbele ya uso wangu. Hilo lilikuwa jambo la heshima, ukilinganisha.

Kisha sweta mia sita zikanijia kichwani, na hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Hakuzikataa kwa ajili ya waya. Waya ulikuwa mzima. Kazi kubwa namna ile ingemlazimu kuwasha mashine alfajiri na usiku, mimi nikiwa nimelala, na mdogo wake angeshinda pale pale akiona. Siri ingevuja. Ameacha riziki ya miaka impite, na bega linamuua, ili mimi nisijue kwamba sina kazi.

"Iharibu," nikasema.

"Nini, mzee?"

"Irudishe ilivyokuwa. Lilegeze. Nakuomba, mwanangu."

"Mimi natengeneza tu," akasema. "Kuharibu watu wanaharibu wenyewe huko majumbani."

Niliona haya. Nilikuja kumfungua mke wangu, na dakika kumi hazijapita nataka kumfunga tena. Mtu mzima hovyo. Daktari akaifunga kompyuta kwenye shuka, akafunga kibanda chake mchana kweupe, akanisindikiza hadi mlangoni kwetu. Njiani nilikuwa nafikiri kwamba kama mke wangu angenitukana, ningejua la kumjibu. Miaka thelathini tumetukanana vizuri tu. Huruma unaijibu na nini?

Nilirudisha kila kitu mahali pake na kubadilisha suruali. Aliporudi alinikuta kitini. Alipanga nyuzi zake, akalalamikia bei, akalalamikia jua, akaniuliza mbona kiatu kimelowa. Nikamwambia nilimwaga maji. Akachukua sweta, akaibana kwenye fremu, akaketi. "Tuanze?" Nikaweka kidole.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima. Najua tundu lilishatengenezwa. Chukua sweta za watu, mama, muite mdogo wako, niache mimi nyumbani, sitakufa. Mwishowe nikaamua kusema kwa mkono. Nikasubiri mashine imalize mpini wa taa ya nembo na kuanza mwali, mlio wake ubadilike, uwe wa haraka. Kisha nikainua kidole. Nikautoa mkono mzima, nikauweka juu ya goti langu, kwenye mwanga wa dirisha, auone vizuri.

Mashine ikaendelea. Mshono, mshono, mshono. Mke wangu aliacha kupumua, hilo nilisikia. Nikamgeuzia uso, nikautafuta wake kwenye lile bomba langu, nikapata shavu moja na pembe ya jicho. Lilikuwa linanitazama mkono.

Sema, nikamwomba moyoni. Sema sasa, tumalize.

Nikasikia kiti chake kikilia, akiinama. Nikasikia swichi ya ukutani, ile iliyo karibu na goti lake. Ka. Kompyuta ikazimika. Mashine ikasimama na sindano ndani ya nembo.

"Eh, baba," akasema. "Umeachia."

Aliyasema kwa utani, au alijaribu. Sauti ilikatika mwishoni. Nilifungua mdomo nimwambie nimesikia swichi, nimetoka kwa fundi, najua yote, basi inatosha. Aliyekaa kando yangu alikuwa ameiua sweta yake kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa anasubiri jibu langu kama anasubiri hukumu.

"Samahani, mke wangu," nikasema. "Nilisinzia."

Akapumua. Akazikata nyuzi, akaitoa sweta kwenye fremu na kuitupa kwenye kapu la hasara, akavuta nyingine. Swichi ikalia tena, taratibu, chini kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kompyuta ikaanza kuamka.

"Haya," akasema. "Shika."

Nikashika.